Mbingu Habakuiandika

Butembo, tarehe 3 desemba 2000

Kwako Baba mudogo Apollinaire,

Wasingya, ninakusalimia. Huku kwetu tuko wazima, isipokuwa magoti ya Mama. Yanamuuma tangu mvua ya mwezi wa kumi, mais hata hivyo anaenda shambani kila asubui na hapendi mutu amwambie abaki. Kitenge Tantine Thérèse alituma kilifika, Mama alikivaa ku misa ya Kristu Mufalme na alikaa banc ya mbele ili kionekane. Mumushukuru sana.

Studio ya Papa iko wazi. Tangu alikufa sijaifunga hata siku moja. Sasa bureau ya basoda wenye bunduki imebandika karatasi ku mulango yangu: photographe hana ruhusa kupiga picha ya barabara, daraja, barrière, kambi, soko, musoda, wala gari ya musoda. Tupige tu batu ndani ya studio, kwa carte ya kitambulisho. Niliisoma mara tatu, toka juu mpaka ku cachet, ule muhuri wao. Baba mudogo, mbingu habakuiandika.

Unamukumbuka Mwalimu Kapinga, ule mama wa Kasai anafundishaka géographie? Serikali ilimutuma huku mbele ya vita, kisha ikamusahau huku. Ameniambia tarehe kenda ya mwezi wa kwanza, dunia itasimama katikati ya jua na mwezi, na mwezi utaingia mu kivuli. Utaanza kuliwa saa mbili na dakika makumi ine ya usiku. Mbele ya saa ine utakuwa umefunikwa wote, kwa muda wa saa moja.

Ninataka hiyo picha, niiweke mu kioo ya studio, batu bote ba rue bapite mbele yake. Niko na Zenit, appareil ya Papa ya kupiga picha, na objectif yake ya 35, lile jicho lake, na trépied ya mbao ya kuisimamisha. Papa alinifundisha kupiga batu. Usiku hakunifundisha, hakupata wakati. Unipe diaphragme na vitesse: tundu lifunguke kiasi gani, na kwa muda gani.

Usiniambie habari ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku. Sitatoka. Kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu ni nyumba yetu.

Mutoto wako,
Katungu Godelive

---

Beni, tarehe 16 desemba 2000

Katungu mutoto wangu,

Barua yako Sikuli muchuuzi aliileta juu ya kinga yake, ile baiskeli ya zamani, pamoja na maharagi. Maharagi ni mazuri. Tantine yako anasalimia, malaria ilimukamata juma mbili, sasa anaanza kula. Umwambie mulamu wangu, Mama yako, apashe majani ya mubarika na afunge ku magoti, hata kama atakataa.

Sasa hiyo habari yako. Jibu langu ni hapana. Trépied iko na miguu tatu. Mu giza, kwa mutu mwenye woga na bunduki, mitrailleuse, ile bunduki ya risasi nyingi, pia iko na miguu tatu. Musoda hataulizaka objectif yako ni ya milimètre ngapi. Mwezi utafunikwa, utafunuka, utarudi miaka ingine. Wewe hutarudi.

Mais najua kichwa chako, ni kile cha kaka yangu, na sipendi filme iharibike bure. Donc, basi, kitu kimoja. Batu banafikiri mwezi ni kitu cha usiku, banafungua diaphragme yote, na ku picha banapata tundu jeupe. Mwezi mupevu ni jiwe lenye kupigwa na jua. Kwake ni muchana. Na filme ya 400, uweke diaphragme 11, tundu dogo, vitesse 500, sawa unapiga mutu ku jua la saa sita. Piga moja kwa dirisha, kisha ulale.

Juu ya kazi yangu unauliza kila mara. Niko na kazi.

Baba mudogo wako,
Apollinaire

---

Butembo, tarehe 23 desemba 2000

Baba mudogo,

Noeli njema kwenu wawili. Mama alifunga ile majani, alisema hayasaidii kitu, na jana alipanda kilima mbio. Huku mvua imepungua, mbingu iko safi kila magaribi.

11 na 500, nimesikia. Mais hiyo ni ya mwezi mupevu, na ule wa tarehe kenda hautabaki mupevu. Ukiisha kuingia mu kivuli ninafanya nini? Nilijaribu peke yangu ku nyota: nilifungua 2,8, nikashika pose B ili filme ibaki wazi, nikahesabu mpaka makumi sita. Nyota zote zimekuwa mistari, sawa mutu amekwaruza filme na musumari. Révélateur yangu ya mwisho, dawa ya kuosha filme, iliishia ku hiyo jaribio. Picha za tarehe kenda nitazituma kwako, labo yako, chumba cha kuoshea, njo imebaki.

Niko na neno lingine. Sikuli anasema alikuona mu cour, kiwanja cha bureau ya commandant, hapo Beni, appareil ku shingo, macaron, ile beji ya bureau, ku shati, na batu bamepangwa mbele yako ku ukuta. Nilimwambia alikosea mutu. Aliapa. Ni kweli?

Katungu

---

Beni, tarehe 2 januari 2001

Katungu,

Mwaka mupya. Tuko wazima. Tantine ameanza tena kuuza mafuta ya mawese, Sikuli njo anamuletea toka Mbau.

Ukiwa utafanya, ufanye vizuri. Sikiliza.

Mwezi ukianza kuliwa, baki ku 11 na 500. Ukibaki nusu, shuka 8 na 125. Ukibaki kama ukucha, 5,6 na 30. Ukiisha kufunikwa wote, uache muchana, uingie usiku: fungua 2,8, pose B, seconde munane. Na hiyo objectif ya 35, ukipita seconde kumi na ine nyota zinaanza kujikokota, kwa sababu si wao banatembea, ni sisi. Saa usiitazame, taa usiwashe. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria, bila haraka, ni seconde munane. Mimi na baba yako tuliipima zamani na chronomètre ya mwalimu wa sport.

Kioo cha Zenit kinaruka na kutikisa mashine yote. Donc funika objectif na karto, karatasi ngumu nyeusi, bonyeza déclencheur ya kamba, ngoja itulie, kisha uondoe karto. Ukimaliza rudisha karto mbele ya kuachilia. Umande wa Butembo unapandaka juu ya kioo: uweke kitambaa chenye joto mu mufuko, cha kuufutia. Na kila picha uandike mu carnet: namba, saa, diaphragme, seconde. Filme haisemaki ilifungua macho muda gani.

Ile ingine uliniuliza, nimeisoma.

Apollinaire

---

Butembo, tarehe 12 januari 2001

Baba mudogo,

Tuko wazima. Ninaanza na hiyo kwa sababu najua mutasikia mambo.

Mwalimu Kapinga alikuja saa kumi na moja ili couvre-feu isimukute njiani, alilala kwetu. Nilisimamisha trépied nyuma ya jiko, objectif ikitazama upande wa Vuhovi, kwa sababu mwezi unatokeaka huko. Nilisimamisha appareil wima ili vilima vibaki chini na mwezi upande ndani ya picha. Ulianza kuliwa saa ile ile Kapinga alisema. Nilifuata namba zako. Mama alileta mukeka, akakaa, akasema hajawahi kuona mutu akisumbuka hivi juu ya kitu kisicholiwa.

Ulipofunikwa wote, giza ilianguka na nyota zikatoka, hata zile za karibu na mwezi. Nilikuwa nafungua 2,8 wakati Kapinga alinishika mukono. Chini ya mwezi, juu ya kilima cha Kavingu, kulikuwa moto. Nilifikiri mutu anachoma shamba. Kisha ukatokea wa pili kando yake, na wa tatu. Zilikuwa nyumba. Sauti ya bunduki ilifika nyuma, ndogo, sawa mutu anavunja kuni mbali.

Kapinga alisema tuingie. Mimi nilibaki ku trépied. Nilisema, «Mama, siwezi kuhesabu.»

Mama aliacha mukeka. Alisimama kando ya trépied na akaanza Salamu Maria, kwa sauti, pole pole. Nikaondoa karto. Alipofika katikati nikairudisha. Tulifanya hivyo mara ine. Ni picha ya 17 mpaka 20, ya kwanza saa tatu na dakika makumi tano na mbili, ya mwisho saa ine kamili. Kisha mwezi ulitoka mu picha kwa juu, na tukaingia.

Asubui batu ba Kavingu benye balipona balifika ku parokia. Banasema ni basoda. Bamezika batu kenda.

Filme itafika kwako na njia yake, pamoja na carnet. Barua hii, wenye kutaka kuifungua baifungue.

Katungu

---

Butembo, tarehe 20 februari 2001

Baba mudogo Apollinaire,

Mama anakusalimia. Mimi sijui kama ninakusalimia.

Ni juma tano na siku ine tangu barua yangu. Filme ilifika kwako tarehe kumi na sita ya januari, aliyeileta aliiweka mu mikono yako mwenyewe. Alirudi mara tatu Beni na mara tatu ulimwambia hauna barua.

Juma iliyopita commandant wako alikuja huku, akakusanya batu ku terrain ya mupira. Alisema moto wa Kavingu ulikuwa mu desemba, batu benyewe balichoma majani makavu na upepo ukabashinda. Alisema basoda bake balifika huko tarehe kumi na tano ya januari, bakakuta majivu ya zamani. Mbele yangu kulikuwa mama mumoja wa Kavingu. Alifungua kinywa, mutu wa nyuma yake akamuvuta kitambaa, na yeye akafunga kinywa tena.

Banasema tume ya haki za batu itakuja Beni mu mwezi wa tatu kuuliza. Wataulizia tarehe. Tarehe iko ndani ya filme yangu, na filme yangu iko kwa mutu mwenye kuvaa macaron ya bureau.

Kama uliitoa kwao, uandike tu neno moja. Nitajua kwamba Papa hakuacha ndugu.

Katungu

---

Beni, tarehe 19 marsi 2001

Katungu mutoto wangu,

Tantine yako njo anashika taa wakati ninaandika. Mukono wangu wa kuume umefungwa, donc maandiko ni mabaya, unisamehe. Si kitu cha kulia.

Ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na haya. Mwezi wa kenda wa mwaka jana commandant alichukua appareil yangu, kisha akanirudishia na macaron. Alisema, sasa uko wa bureau. Nilipiga batu picha ku ukuta, mumoja mumoja, jina ku kibao mbele ya kifua. Bengi balirudi kwao. Bengine habakurudi. Ninabajua kwa sura, makumi tatu na mumoja, kwa sababu négatif, filme zao, zilibaki kwangu. Kila magaribi nilirudi nyumbani, nikala, Tantine hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu. Ningekuandikia nini?

Filme yako niliiweka mu kopo ya kahawa, na juma tano sikuigusa. Sikuitoa kwa mutu. Mais sikuiosha pia. Niliogopa, na woga wangu niliuita akili.

Magaribi moja nilirudi nikakuta Thérèse amefunika dirisha ya labo na blanketi, na ndoo mbili za maji ziko tayari. Aliniambia, «Ile ya Katungu. Ninajua iko mu kahawa.» Kisha akatoka, akafunga mulango.

Niliiacha mu révélateur dakika kumi na tatu badala ya kumi, ili nyota zipate nguvu. Ya 17 imetikisika. Ya 18 pia, kidogo. Ya 19 ni safi kabisa. Niliitoa ku karatasi, nikasimama nayo mu mwangaza mwekundu mpaka ikaanza kujikunja.

Tume ilikuja tarehe saba ya mwezi huu, mu salle, ukumbi wa parokia. Commandant alikaa mbele na bakubwa bake. Alisema ile ile: desemba, majani, upepo. Abbé, padiri wa parokia, alipouliza kama kuna mutu mwenye neno, nilisimama. Macaron ilikuwa ku shati yangu. Nilitaka baione.

Niliweka ya 19 juu ya meza, na carnet yako kando. Nilibaambia: tazameni, picha hii ni diaphragme 2,8, seconde munane. Mwezi mupevu wa kila siku, ukiufungulia hivi, unachoma filme, mbingu yote inakuwa kijivu, na nyota hazionekani. Hapa mwezi ni muviringo, umefifia, na nyota ziko kando yake. Hiyo inawezekana tu mwezi ukiwa mu kivuli. Mu desemba mwezi haukuingia mu kivuli, Mwalimu Kapinga ameandika na ametia sahihi. Uliingia tarehe kenda ya januari, toka mbele ya saa ine mpaka karibu saa tano. Na chini yake, ndani ya seconde zile zile munane, nyumba zinawaka.

Commandant alisema, «Wewe si photographe wangu?»

Nilimwambia, «Nilikuwa.»

Kisha nikaweka bahasha yangu mwenyewe juu ya meza. Picha makumi tatu na moja, za bale habakurudi. Hakuna aliyeniomba. Nilisoma majina yote ku bibao, moja moja. Ku jina la kumi na ngapi, mama mumoja wa nyuma alisema, huyo ni wangu. Nilingoja. Kisha nikaendelea, mpaka mwisho.

Balinishika magaribi ile ile. Nilikaa siku tano. Mukono ni wa siku ya pili. Labo balivunja yote, agrandisseur, mashine ya kukuza picha, njo balianza nayo. Mais négatif zilikuwa zimeisha kwenda na tume, na abbé alishika zingine. Ba mama ba soko, Thérèse mbele na madumu yake ya mawese, balikaa mbele ya bureau toka siku ya kwanza na bakakataa kuuza hata tone moja ya mafuta kwa musoda. Siku ya tano balinitoa.

Commandant ameondolewa Beni. Hakufungwa, alihamishwa tu, sitakudanganya. Mais tume imeandika tarehe kenda januari, imeandika majina kenda ya Kavingu, na mutu hawezi tena kusema ni majani.

Sina appareil, sina labo. Niko na wewe kama ungali unanitaka.

Baba yako mudogo,
Apollinaire

---

Butembo, tarehe 22 aprili 2001

Kwako Baba wangu Apollinaire,

Pasaka njema, hata kama imepita juma moja. Mama alisoma barua yako mara mbili, kisha akaenda kukaa nyuma ya jiko peke yake. Aliporudi alisema: mutu huyo mukono ukipona aje kwetu, studio iko na nafasi ya batu babili. Hiyo ni ya Mama. Mimi ninaongeza: uje hata kama haujapona. Nilikuandikia kwamba Papa hakuacha ndugu. Niliikosea, na ninaiandika hapa na mukono wangu, ili ukae na karatasi yake.

Ile picha ya 19, abbé alinitumia mbili, moja niliiweka mu kioo ya studio. Ilikaa siku ine. Siku ya tano basoda babili balikuja bakasema niitoe, picha za inje zimekatazwa. Niliwaletea karatasi yao, nikawaomba banionyeshe neno «mbingu». Mumoja alianza kusoma kweli, na kidole. Mwenzake akamuvuta. Habajarudi. Kama batarudi, niko na ingine nyuma ya kabati.

Juzi ule mama wa Kavingu aliingia, ule ku terrain alivutwa kitambaa. Jina lake Jokébed. Bwana yake ni mumoja wa ba kenda. Alisimama mbele ya picha. Kisha akaweka kidole juu ya moto wa pili, toka kushoto.

Alisema, «Hii ni nyumba yangu.»

Alisema nyumba hiyo walijenga na bwana yake miaka saba iliyopita, na haikupigwaka picha hata siku moja, kwa sababu nani analetaka photographe mpaka Kavingu? Aliniomba moja. Nilimupa ile ya kioo, nikaweka ya kabati mahali pake. Nilifikiri ataikunja na kuificha mu kitenge. Aliibeba mukononi, wazi, mpaka ku barrière ya basoda na kuipita.

Jana nilimufuata mpaka Kavingu. Ndiyo, nilitoka na appareil, muchana, ku barabara, na sitaki uniambie kitu. Bamerudi familia kumi na moja. Banajenga mahali pale pale, banapanda nguzo mu majivu. Jokébed ameisha simamisha nguzo zake ine, na ukuta moja wa matete ungali bila udongo. Udongo ulikuwa mpaka ku viwiko vyake. Nilimwambia anawe kidogo, nimupige vizuri. Alikataa. Nilimwambia asogee ku kivuli, jua la saa sita linaharibu uso. Alikataa hiyo pia. Alisimama katikati ya mahali mulango utakuwa, mikono miwili ku nguzo mbili, akanitazama moja kwa moja.

«Piga», alisema. «Na kilima kionekane chote.»

Katungu Godelive